Unene wa Ukuta

Jumatatu: mfano wa chumba cha kungojea, zahanati ya macho,
kipimo moja kwa ishirini, kadibodi nyeupe, gundi isionekane.
Jumatano: mtihani wa mwanga na vivuli.
Ijumaa: sura ya tatu ya tasnifu, kwa Dakta Mwakio,
aliyeirudisha mara mbili na swali lile lile
kwa wino mwekundu, pembeni mwa kila ukurasa:
Kwa nini?

Kwa nini, daktari. Nami najiuliza.

Tasnifu yangu ni ya zidaka,
vile vishimo vya kuta za nyumba kongwe za Mji wa Kale,
safu juu ya safu kama sega.
Nimevipima vyote kwa Bi Mwanashee, Kibokoni,
upana, kina, tao, chokaa iliyobanduka,
mia na kumi na viwili, nimechuchumaa na futi ya chuma,
naye jikoni akisukuma mahamri na kunicheka:
"Yaani mwanangu chuo kizima wasomea matundu?"
Kimoja kina vidonge vya presha.
Kimoja risiti za maji na chaja ya simu.
Kimoja ki kitupu. Nikauliza hiki cha nini.
"Hicho kilikuwa na redio. Imeibwa."
Sikuliandika hilo. Sikujua liingie sura gani.

Kwetu Majengo hakuna zidaka.
Kuta zetu ni tofali la inchi sita;
ukichonga kidogo tu utamwona jirani
akichana nywele.
Na wiki yangu imejengwa vivyo hivyo,
siku nyembamba, zimebanana,
ukitoboa Jumapili unatokea Jumatatu.
Usingizi niuweke wapi?
Mama aniita nimshikie satini ya arusi ya watu,
nasimama nusu saa nimeshika ncha,
yeye akata, mimi kichwani nahesabu taa.
Mimi ninayesomea kuwapangia watu vyumba
nalala sakafuni, miguu imekunjwa.
Kitandani imelala zahanati.

Usiku wa Jumamosi stima ikapotea.
Tarakilishi ikaniambia asilimia nne,
kisha haikuniambia kitu.
Nikaketi gizani, nikalia kidogo, nikachoka kulia.
Kisu hakitumii stima.
Nikaibana tochi ya simu kwa meno,
nikabandika kadibodi juu ya kadibodi,
tabaka tatu, tano, saba,
hadi ukuta wa zahanati ukanona,
nikauchonga kidaka. Kimoja.
Pale penye kiti cha mwisho,
anapokaa mtu aliyetiwa dawa machoni,
haoni, mkono wapapasa
mahali pa kuweka miwani.

Ndiyo sababu, nikasema kwa sauti, tochi ikaanguka.

Nikaliandika nyuma ya risiti ya saiba,
kwa kalamu, mistari ikipandana,
aya ya kwanza ya sura ya tatu iliyokuja bila kuburutwa.
Msinipongeze. Lilikuwa giza tu
na harufu ya gundi iliyonipanda kichwani.

Jumatatu Bwana Nzaro akaweka rula.
Ukuta umezidi mchoro. Alama mbili, kata.
Akainama, akachungulia, akavua miwani, akachungulia tena.
"Na hili?"

Ndani ya kidaka, jeupe kuliko kadibodi,
jino la utotoni la mdogo wangu Swafiya,
lililong'oka Jumapili tukila mbaazi.
Alikataa katakata kulitupa paani.
Alisema ana pake pa kuliweka,
nami sikumuuliza, sikuwa na nafasi.

Nikafungua mdomo nieleze. Nikaufunga.
Darasa zima linangoja,
na mtihani wa Jumatano
sijausomea hata ukurasa.