Chumba cha Tano

Saa sita nimekaa,
Wete, simu inang'aa;
vyumba bei imepaa,
nikaingia zabuni.

Hoteli ina pazia,
jina hutalisikia
mpaka umelipia;
hairudi hata peni.

Fakihi alishakwama:
kapewa chumba cha nyuma,
jenereta yanguruma,
maji yake ya ndooni.

Lakini Kombo Hamadi
kalala penye baridi
kwa bei ya nusu yadi,
bahari i mlangoni.

Kageuka mke, Raya:
"Zima simu, ona haya!
Usinitie hizaya,
mbuzi yumo guniani!"

Nikatoa, ikagoma;
nikaongeza, yauma;
karafuu pishi nzima
ikapotea simuni.

Asubuhi ikalia:
"Hongera, umepatia
kwa theluthi, twakwambia,
chumba cha tano, Shangani."

Tukavuka na mizigo,
Raya kacheka kidogo;
hapo nikapata pigo:
mlango ni wa nyumbani.

Nyumba ya bibi, Bi Shara,
waliyouza papara
ami zangu, kwa hasara,
nikiwa bado chuoni.

Chumba chenyewe ni jiko
alipogeuza mwiko;
kitanda juu ya meko,
kiyoyozi dirishani.

Kijana wa mapokezi
akanong'ona: "Mjuzi!
Mwenzako kalala juzi
kwa mara tatu thamani."

Sikusema; nikameza
mate, nikajilegeza,
fomu nikaimaliza,
nikaandika: mgeni.

Usiku nikapapasa
ukuta, rangi ya sasa,
natafuta, nikikosa,
michoro ya utotoni.

Kauliza Raya, pole:
"Tumeshinda, ama wale?"
Nikamwambia: "Tulale,
kesho funguo mezani."