Mizani

Gwakisa kaingia kibandani, tope la Isyonje viatuni,
hela ya viazi kaikunja ndani ya soksi:
milioni moja, laki moja na nusu.
"Dada Sekela, nipe kadi ya picha, ile ya feni tatu.
Laki tisa ninazo. Vingine tutaokoteza."

Tutaokoteza wapi?

Nje, Mwanjelwa inakohoa ukungu wa Juni.
Mama mmoja anapepea mkaa,
mahindi yake hayajaamua kuiva.
Nikaweka bisibisi chini.

Kwa mjomba wako Igurusi wanalima kwa ng'ombe.
Ulishaona maksai aliyeshiba
akifungwa nira moja na ndama wa kuachishwa ziwa juzi?
Akacheka. "Jembe litazunguka, dada. Utalima duara."
Basi, umejijibu.
Kadi ya laki tisa na prosesa ya kuokoteza:
mmoja anavuta,
mwenzie anatafuta maziwa.

"Mbona Ambokile wa Uyole anayo?"

Anayo. Nimeifungua kwa mikono hii.
Kadi nene kama tofali, ram giga nne,
imekaa mle kama mkwe ugenini
inangoja chakula ambacho hakuna anayekipika.
Na hata kingepikwa,
kioo chake kinaonyesha picha sitini kwa sekunde.
Ukikiletea mia mbili, mia na arobaini zinamwagika barabarani
kama lumbesa iliyokatika kamba.

Sisemi haya kwa kuwa nina akili.
Mwaka wangu wa kwanza nilibana elfu sitini kwenye pawa saplai.
Siku ya tatu umeme ukakatika,
ukarudi umekasirika.
Harufu ile, kama kucha zinaungua.
Ikaondoka na madabodi, ikaondoka na mkopo wa kikoba,
nikauza cherehani ya marehemu mama.
Tangu hapo naanza na saplai. Hata nikiwa na njaa.

Tukakaa na kalamu, mgongoni mwa boksi la majani ya chai.
Kadi ya mtumba, feni mbili, laki nne na ishirini.
Prosesa ya kizazi cha nyuma kidogo,
lakini haioni haya kusimama mbele yake.
Ram vijiti viwili vya nane, si kimoja cha kumi na sita:
ndoo hubebwa upesi na mapacha.
Akakata, nikarudisha.
Nikakata, akanuna.
Taa za rangi tulizifuta mara mbili,
kwa sababu mara ya kwanza alizirudisha nilipokwenda kupokea simu.
"Kasha la bati? Watu hawataona ndani!"
Hawataona na deni.
"Na feni ya ziada?"
Gwakisa, unaishi Isyonje.
Fungua dirisha.

Ikabaki elfu ishirini. Ya luku, nikasema.

Jumamosi nikakaza skrubu ya mwisho, nikabonyeza.
Feni zikavuta pumzi pamoja,
hakuna aliyemngoja mwenzie.
Akaweka kiganja juu ya bati, polepole,
kama anayempima mnyama homa.
Kisha kimya.
"Dada."
Nini?
"Kioo."

Kioo!
Boksi zima la hesabu, mimi fundi wa miaka tisa,
tumepima kila kitu
isipokuwa pa kukitazamia.

Basi anachezea kwenye runinga ya baba yake,
amekalia gunia la viazi vya mbegu,
na ikigonga saa mbili usiku anachomoa waya bila kuambiwa,
mzee atazame habari.

Jana kapiga simu. Mvua inamfunika sauti.
"Nimeuza tena, dada. Laki moja na nusu.
Kioo gani kinaiendea?"

Kinaiendea, kasema.
Hakusema kikubwa.