Nyumba ya Nne, Jumatano

Gari la wizara ni jeupe, lina mstari wa kijani ubavuni,
friji ya insulini, mizani, sanduku la pamba,
na Hamdan, dereva, asiyependa kuchelewa adhuhuri.
Zamani wagonjwa ndio waliosafiri.
Siku hizi sisi ndio tunaopiga hodi.

Nyumba ya nne iko nje kidogo ya Ibra,
pale falaji inapopita chini ya ukuta wa udongo
na kiyoyozi kinadondoshea maji kopo la samli.
Faili lasema: Shinuna binti Khalfan. Themanini na kitu.
Sukari. Kidonda, kidole gumba, mguu wa kushoto.
Kisha mwandiko wa daktari fulani, wa haraka:
Haongei. Hashirikiani.

Mjukuu alinifungulia kwa Kiarabu,
akaniomba radhi kwa Kiarabu:
bibi amesahau watu, amebaki na kelele tu.
Nikapiga magoti. Nikafungua bendeji.
Ndipo kelele ile ikasema, wazi kama sahani ikianguka:
"We mtoto, taratibu! Waniumiza, ati!"

Sikuwa nimeisikia lugha hii tangu mamangu azikwe.
Changu mimi ni Kiswahili cha jikoni,
kilichoingia Maskati ndani ya sanduku la bati:
najua mbatata, najua kifuu, najua matusi mawili.
Kiungo kinachotengeneza insulini
sijui kwa mama kinaitwaje.

Nikauliza nilivyoweza: "Bibi, pauma vipi?"
Akajibu kwa mpango, kama aliyengoja zamu yake:
usiku mguu wawaka, mchana haupo,
hauhisi hata zulia;
na sindano ya jioni haifiki tangu Shaabani,
maana mjukuu hufumba macho akichoma,
dawa ikanywewa na shuka.

Kumbe haya yote ameyasema.
Miezi kumi na minne ameyasema.

Mlangoni palikuwa na msichana wa kazi, ndoo mkononi.
Pili, wa Pangani.
"Mimi namwelewa," akasema. "Kila siku namwelewa."
Mbona hukumwambia daktari?
Akaitazama ndoo.
"Hakuniuliza. Tukienda hospitali mimi hubaki garini,
nashika viatu vyake."

Waraka wetu unawataja: wazee, wenye ulemavu,
wajawazito, yatima, wakaao mbali na kituo.
Siubezi. Kwa waraka huo naijua njia hii ya changarawe,
kwa waraka huo kidole cha Bi Shinuna bado ki mguuni.
Lakini Pili alikuwa amejishika kisogo
kama mtu azuiaye mlango usifunguke,
nami mkanda wa presha nilikuwa nao mkononi.

Mia na themanini. Chini yake, mia na kumi na mbili.
Umri wake ishirini na sita.

Kompyuta ikataka namba ya kitambulisho.
Kitambulisho anacho mwenye nyumba,
na mwenye nyumba yuko Suhari mpaka Jumapili.
Hamdan akapiga honi.

"Mwandike!" akafoka Bi Shinuna kitandani.
"Huyo ndiye mdomo wangu. Mdomo ukifa, nami nimekufa."

Nikamwandika. Pembeni, kwa kalamu, pasipo na safu,
jina, presha, tarehe,
na neno moja ambalo ofisini halitasomeka.
Jumatano ijayo nitakuja na fomu ya pili,
au na ugomvi.

Getini nikajigusa chini ya mbavu:
Pili, hiki kinaitwaje?
"Kongosho," akasema. "Tulisoma darasa la sita."
Kongosho. Nikalirudia hadi garini,
kongosho, kongosho,
na Hamdan, aliyekwisha kusali kivulini mwa gari,
akauliza ni kijiji gani hicho,
kama kimo kwenye orodha ya leo.