Upande wa Pili wa Shaba

Dirisha langu liko usawa wa magoti ya wapita njia.
Hapa Sofia maduka ya namna hii bado yapo:
mteja huinama kama anayetafuta sarafu iliyodondoka,
nami, chini huku, humjua kwa viatu kabla ya sauti.

Januari ile viatu vilikuwa vya tarishi wa Baraza.
"Bwana Zdravko, vibao kumi na saba. Kesho asubuhi."
Kumi na saba! Na shaba imepanda bei,
na vyama vitatu vilivyotukanana tangu kiangazi
vimeamka vikipeana mikono mbele ya kamera,
kila kimoja kikihesabu vidole vyake baada ya kuachiana.

Hawa si wanasiasa, alisema tarishi. Ni wataalamu.
Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja dawa
ambayo jirani alikunywa, akapona.

Nikachonga usiku kucha.
Prof. Radosveta Mincheva, Fedha.
Mhandisi Ognyan Tabakov, Uchukuzi.
Dkt. Yoto Kutsarov, Afya:
ndiye aliyempasua dada yangu kifua akamrudisha mzima,
kwa hiyo herufi zake nilizichimba zaidi kidogo.
Waziri wa Sheria nilimchonga mara tatu.
Jina lilibadilika hadi alfajiri.

Wiki za kwanza tulilewa bila kileo.
Waziri amepanda tramu! Waziri amesema "sijui" redioni!
Muuza magazeti alilirudia lile "sijui" mchana kutwa,
akilionja kama tunda la msimu.
Mke wangu Tsvetana, ambaye haamini hata mizani ya bucha,
alisema: nguvu ya soda. Ngojeni povu lishuke.

Tabakov nilimwona mara moja, yaani niliona buti zake,
tope la mto Iskar limepanda hadi kwenye kamba.
Alisimama dirishani kwangu akiongea na simu
habari za daraja la waenda kwa miguu:
nguzo, baridi, saruji itachukua siku ngapi kukauka.
Nilitaka kugonga kioo nimwambie,
siku za saruji unazijua, mzee,
zako je?

Mincheva akapeleka bungeni bajeti ya kurasa mia nne
isiyo na ukurasa hata mmoja wa kumshukuru mtu.
Hapo ndipo vyama vitatu vikakumbuka matusi yao.
Siku ya themanini na tisa waliinua mikono,
mikono ileile,
mia moja ishirini na mmoja wakatosha.

Viti havikuwa vimepata joto.
Hata mimi sikuwa nimelipwa:
hati yangu ilikwama ikisubiri sahihi ya pili.

Alikuja mwenyewe. Viatu vyeusi, kisigino kimoja kimelika.
Aliinama, magoti yakamlia, akaweka noti dirishani
kutoka kwenye pochi yake.
"Hesabu zote zimekataa kufunga," alisema. "Hii ifunge."
Nikamuuliza kama anakitaka kibao chake.
Akafikiri. "Nyuma yake kuna maandishi?"
"Hakuna."
"Basi kitumie. Shaba imepanda bei."

Jumatatu tarishi akarudi na orodha nyingine.
Nikaigeuza shaba, nikachonga mgongoni.
Ukipita ukumbi ule, ukasoma mlango wa waziri,
jua nyuma ya jina kuna jina
limeelekezwa ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa
kwa kujibu swali sawasawa.

Cha Kutsarov nilisema kimepotea.
Kipo hapa, kinazuia dirisha lisijibamize.

Na daraja la Tabakov limefika katikati ya mto, likaishia hapo.
Jioni vijana huenda kukaa kwenye ncha yake,
miguu inaning'inia,
wanabangua alizeti na kutemea maji maganda,
na hakuna anayelalamika kwamba halivuki.