Mstari wa Kidari

Mvua ya Kakamega haihitaji saa ya mkononi.
Saa nane kamili ilitua juu ya mabati
na sauti yangu, niliyoitunza wiki nzima kwa tangawizi,
ikazama kabla ya kifungu cha kwanza.

Mbele yangu marefa saba, vipenga shingoni kama rozari,
wachezaji ishirini na kitu,
magoti yao yamegoma kuingia chini ya madawati ya darasa la nne,
na kocha Shitanda, aliyekuja kununa.

Nikapaza: "Kukaba si begani tena! Ni chini ya kidari!"
Kutoka nyuma: "Chini ya kitanda?"
Wakacheka hadi chaki zikaanguka.

Sheria ikitoka mbali huja imevaa suti.
Kazi yangu ni kuivua viatu mlangoni,
kuiketisha, kuiuliza
inamtaka nini mtu aliyeshika mpira leo na panga la miwa jana.

Lusweti akasimama, na dirisha likapotea.
"Kidari cha nani, refa? Changu, au cha Ambetsa?"
Ambetsa, anayeutoa mpira kwenye skrumu,
anamfikia kwapani akivaa njumu.

Nikaacha karatasi. Nikaokota chaki.
Mmoja mmoja, mgongo ukutani,
nikatafuta kwa kidole gumba pale mbavu zinapokutana,
nikachora mstari, nikaandika jina.
Mistari ikapanda na kushuka
kama nyasi ng'ombe wakishapita.
Lusweti akainama kuufikia wa Ambetsa,
akainama tena, goti likalia.
"Kumbe naambiwa nisujudu!"
Naam. Sujudu.

Mukhwana hakuwa kwenye orodha yangu.
Tangu Machi, bega la mtu lilipomkuta tayani,
huandika majina ya dada zake kiganjani.
Alikuja ukutani mwenyewe, akasimama wima.
Hapo hata mvua niliisikia upya.
Shitanda alivua kofia, akaivaa tena.
Labda ni joto.

Mengine tuliyamaliza kwa vidole na macho:
mpiga teke ana sekunde sitini,
hakuna kufunga kamba mara tatu na kuombea upepo;
nahodha peke yake ndiye wa kusema na refa;
aliyekula kadi nyekundu amekwenda,
ila baada ya dakika ishirini mwenzake huingia pengo lake.
"Yaani dhambi ni ya mtu, si ya ukoo?"
aliuliza refa Khavere, mwanafunzi wangu mdogo kuliko wote.
Nikaiandika hiyo. Kitabu hakikuisema vizuri hivyo.

Jumamosi, uwanja matope, dakika ya sitini na tatu.
Lusweti akamkaba Ambetsa begani,
barabara, kama tulivyokabana miaka yote kumi na mitano ya kipenga changu,
nami nikanyoosha mikono: endeleeni.

Ambetsa hakupiga kelele. Si nahodha.
Alilala palepale topeni, akanitazama,
akaweka kidole gumba
pale mbavu zinapokutana.

Mpira ulikuwa umeshafika mbali.
Nilipuliza. Nilichelewa hatua sita, labda saba,
na upande mzima wa miti ya mikaratusi ukanizomea
kwa majina ambayo mama yangu hakunipa.
Lusweti alikuwa ameshainua mkono.
"Ni mimi," alisema, naye pia si nahodha.
Hilo nililisamehe.

Jumatatu mwalimu wa darasa la nne alipiga simu
kuhusu ukuta wake.
Watoto, alisema, hawasomi ubao, wanasoma majina.
Nikamwahidi nitaleta rangi.

Sijaipeleka.