Ritifaa

Programu yangu haina mikono.
Inajua kujumlisha kilo, kutoa unyevu, kukata mkopo wa mbolea,
lakini kuamsha printa,
kunakili faili la leo likalale mahali salama,
hayo ni ya mfumo endeshi, mwenye nyumba.
Basi niliifundisha kuagiza:
iandike amri, iipitishe mlangoni,
isimame kimya hadi ijibiwe.

Jibu jema ni sifuri.
Darasani Ombeyi sifuri ilinipa kiboko;
hapa, kwenye kinu cha mpunga cha Ahero,
sifuri ni hodi iliyoitikiwa.

Jumanne ya malipo. Foleni imezunguka ghala,
makapi yananata kwenye kope.
Risiti ya Akumu ikatoka. Ya Wasuna ikatoka.
Ikafika zamu ya Peres Ong'ondo, magunia kumi na manne,
printa ikanyamaza.
Jibu: mbili.

Nilijua kosa kabla sijaketi.
Kila jina nilikuwa nimelifunga kwa alama ndogo,
moja mbele, moja nyuma, kama kamba ya gunia,
nikalisukuma katikati ya sentensi ya amri.
Na ganda, ndivyo aitwavyo bawabu apokeaye amri,
halijui ng'.
Liliona kijimkia baada ya g,
likadhani jina limekwisha.
"Ondo" ikamwagika nje,
na alama ya mwisho ikafungua mdomo
ambao hakuna aliyekuja kuufumba.

Dereva Ng'ang'a wa Njoro, mwenye ritifaa mbili,
asubuhi alipita bila kelele:
moja ilifunga, ya pili ikafungua,
risiti ikasema Nganga.
Sifuri.
Hiyo ndiyo iliyonikosesha raha,
sifuri iliyosema uongo.

Karani Odipo akainama begani pangu:
"Andika Ongondo tu. Nani atajua?"
Peres alikuwa amesikia. Akasema, bila hasira,
"Na ng'ombe ukimwandika ngombe, atatoa maziwa?"

Ng'ambo ya ukuta kinu kilinguruma, kikimenya mpunga.
Nami nikamenya wangu.
Ganda nikalitoa njiani.
Nikaukabidhi mfumo amri peke yake,
na jina peke yake, katika bahasha
isiyofunguliwa na yeyote kabla ya kufika.

Ng'ang'a nilimpigia simu. Alikuwa Kericho, anakula.
Akacheka, akasema amezoea.

Risiti ikatoka, wino umefifia pembeni.
Peres aliisoma kwa kidole, herufi kwa herufi,
kikatua kidogo juu ya ritifaa,
kikaendelea kushuka,
kikasimama tena.
"Mbona unyevu umenikata kilo sitini?"

Hilo halikuwa la ganda, wala la mfumo.
Hiyo ilikuwa hesabu yangu.
Nikavuta kiti, nikamwambia akae.