Mlango Usio na Bawaba

Mkalimani alisema mabwana wanauita mlango wa bahari.
Mama akacheka hadi sindano ikamchoma.
Mlango? Bawaba zake ziko wapi,
na kati yao nani amewahi kupiga hodi?

Wakakunja ramani, wakakunjua nyingine.
Ottawa yasema: maji haya ni ya ndani,
kama ya mtungini.
Washington yasema: ni njia, na njia haina mwenyewe.
Mama akauliza kwa Kiinuktituti,
na miezi ile yasipokuwa maji, ni ya nani?
Mkalimani hakulitafsiri hilo.

Maana ikifika Oktoba huu si mlango, ni sakafu.
Juu yake mjomba Paniluk aliendesha sleji,
siku mbili, mbwa kumi na mmoja,
akaenda kuposa ng'ambo.
Juu yake nilizaliwa mimi, safarini,
na karani akakwama penye "mahali pa kuzaliwa".
Akaandika: Baharini.
Sikulowa hata kisigino.

Bibi aliletwa Qausuittuq kwa meli, mwaka hamsini na tatu.
Aliambiwa wanyama ni tele,
na ukitaka kurudi, utarudishwa.
Novemba jua likazama lisirudi
naye, aliyetoka kusini, akadhani limekufa.
Hakurudishwa.
Baadaye sana ndipo tulipoelewa kazi aliyopewa:
serikali ilitaka mlingoti wa bendera
unaopumua.

Siku hizi barafu inachelewa, ikija haikai,
kama mgeni aliyeudhiwa sebuleni.
Agosti ilipita meli nyeupe ya ghorofa saba.
Abiria walitupungia. Tuliwapungia.
Iliomba ruhusa, nasikia,
kwa mtu mwingine.
Nyangumi wa pembe hawakuonekana wiki mbili.

Kaka yangu Simiuni ni askari wa doria:
sweta jekundu, bunduki, daftari.
Namuuliza, ukiiona meli ngeni utafanya nini?
Nitaandika jina lake.
Halafu?
Anapuliza chai yake.

Mama haandiki.
Leo alfajiri isiyo na alfajiri
alitoka na mtaimbo, akagonga barafu mara tatu,
akainamisha sikio.
Hodi yetu ni hiyo.
Zamani ilijibu kwa sauti nene: karibu.
Leo imelia kama kikombe chenye ufa.

Akarudi, akavua glavu,
akaokota buti la Simiuni,
akaanza kufumua mshono alioumaliza jana.